Mbwa kala vidonge vya mgeni

Februari, joto la kaskazi limekaza, nikaletewa mbwa kutoka Paje, Unguja. Mlinzi wa nyumba ya wageni kamviringisha turubai, si kwa woga, kwa ajili ya udhu wake. "Daktari, huyu kaingiwa na wazimu."

Nilipomfungua akawa anazunguka palepale, mboni zimetanuka, ulimi nje, moyo unakwenda mbio hata kuuhesabu nikashindwa. Kipimajoto: 41.3. Mbwa mzima kwa kawaida hapiti 39.2.

Baadaye mgeni akafika na kichupa kilichotafunwa. Methilifenideti, dawa ya watu wenye shida ya kutotulia na kukosa umakini. Vidonge 2, kila kimoja miligramu 36, havipo. Mbwa ana kilo 14, basi piga hesabu: zaidi ya miligramu 5 kwa kilo, na hata miligramu 1 kwa kilo inaweza kumletea dalili.

Dawa hizi, na ndugu zake wa jamii ya amfetamini, hufanya dopamini na noradrenalini, kemikali za kuusisimua mwili, zijae. Misuli hutetemeka, na kutetemeka huzaa joto. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anahema tu, na hewa yetu ya unyevu haimsaidii. Joto hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kitu chochote.

Kinachowaponza watu ni vidonge vya kutoa dawa polepole. Mbwa akikitafuna kidonge, dawa humwagika kwa mpigo. Akikimeza kizima, atakula, atalala, mtasema yamepita. Usiku wa manane ndipo anaanza. Nipigieni angali mzima! Hapo naweza kumtapisha. Akishaanza kutetemeka siwezi tena, matapishi yatamwingia mapafuni.

Maziwa (kwetu kila sumu ni maziwa) hayafuti dawa hii. Maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi, chumvi nyingi nayo ni sumu kwake.

Yule nilimchoma sindano ya asepromazini, dawa ya kutuliza, nikamtundikia dripu, chumba giza, feni, mataulo ya maji ya bomba. Barafu sitaki, hubana mishipa ya ngozi joto likabaki ndani. Lilipofika 39.5 nikaondoa mataulo, maana joto huendelea kushuka lenyewe.

Alfajiri masikio yalikuwa bado yanamcheza. Siku ya pili kala dagaa. Mlinzi naye kapigilia msumari ukutani, juu kabisa, pa kutundika mikoba ya wageni.