Kupima nguvu ya maji ya chokaa kwa tangi la matumbawe

Matumbawe magumu hujijengea mifupa kwa kuchota kalsiamu na alkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) kutoka kwenye maji yanamoishi, na njia ninayoitumia mimi kuvirudisha ni kufidia maji yanayopotea kwa mvuke kwa kudondosha maji ya chokaa, yaani maji yaliyoyeyushiwa unga wa kalsiamu hidroksidi, tone kwa tone. Tangi langu lina lita 200 na hupoteza kama lita 4 kwa siku. Maji ya chokaa yaliyokolea kikamilifu, kwa kiasi hicho, huongeza alkali ya takriban dKH 2.3 (dKH ni kizio cha kupimia alkali) na kalsiamu ya miligramu 16 hivi kwa kila lita ya tangi. Yakiwa na nusu ya nguvu, matumbawe hupata nusu ya riziki, wala kwa macho hutaona tofauti yoyote katika mtungi wa maji ya chokaa.

Hilo nililijua kwa hasara. Alkali ya tangi ilikuwa ikishuka wiki hadi wiki, nami nikautazama mtungi, nikaona unga mweupe umetulia chini, nikajiambia kuwa chokaa ingalipo. Kumbe mashine ya kukoroga, niliyoiacha ikizunguka mchana kutwa, ilikuwa ikiingiza hewa mpya kila mara; kabonidioksidi ya hewani ilikuwa imeigeuza sehemu kubwa ya chokaa kuwa kalsiamu kabonati, ambayo ni nyeupe vilevile, hutuama vilevile, na kwa kazi hii haina faida. Tangu hapo hukoroga mara moja tu ninapotengeneza, kisha hufunika mtungi na kuuacha utando wa juu bila kuugusa, kwa kuwa utando huo huyakinga maji yaliyo chini yake.

Nilikuwa nimepima pH pia, yaani kipimo cha uasidi au ubesi wa maji, na hapo ndipo wengi wetu hupotea. Katika nyuzi joto 25, maji ya chokaa yaliyokolea husoma 12.45. Yapunguze nguvu kwa nusu, nayo bado yatasoma karibu 12.2, kwa sababu pH huhesabiwa kwa logi (kila namba moja ni badiliko la mara kumi) na hivyo huifinya tofauti kubwa iwe ndogo. Isitoshe, maji yaleyale yaliyokolea husoma 12.63 katika nyuzi 20, kwa hiyo ubaridi wa asubuhi peke yake unaweza kuficha sehemu kubwa ya upungufu unaoutafuta.

Kipimo ninachokiamini ni cha upitishaji wa umeme, ambao hupungua karibu sambamba na chokaa iliyoyeyuka. Maji yaliyokolea husoma takriban milisimensi 10.3 kwa sentimita katika nyuzi 25. Ukisoma 5 na kitu, una nusu ya nguvu. Kalamu za bei nafuu za kupimia usafi wa maji huenda zisifae, kwani baadhi hukomea chini sana ya 10. Tafuta kifaa kinachofika 20, chenye kurekebisha joto, na ukilinganishe kwanza na kimiminika cha 12.88 kinachouzwa kwa kazi hiyo. Suuza kifaa vizuri, maana tone la maji ya bahari, ambayo husoma zaidi ya 50, litakupa nguvu ya uongo.

Mara moja kwa mwezi huhakikisha kwa njia ya pili. Huvuta mililita 10 za maji maang'avu kutoka katikati ya mtungi kwa bomba la sindano, nikiwa nimevaa glavu na miwani, huongeza mililita 90 za maji ya osmosisi (yaliyochujwa hadi karibu kuisha chumvi), kisha hupima kwa kifaa cha kawaida cha alkali cha matone. Jibu likiwa karibu na dKH 11, maji yamekolea. Sampuli ikiwa na ukungu, subiri itulie, kwa kuwa asidi ya kifaa huiyeyusha kabonati na kuihesabu kama chokaa.

Kuhusu unga wenyewe, chokaa ya kupakia kuta, ambayo pwani yetu imeichoma kwa karne nyingi kutoka kwa mawe ya matumbawe, haifai kurudishwa kwa matumbawe kwa sababu haijasafishwa. Nunua ya daraja la chakula. Wanaotia siki ili chokaa iyeyuke kwa wingi zaidi waelewe kwamba ile 10.3 haiwahusu tena, kwani asetati inayotokana na siki huubadilisha upitishaji wa umeme. Mimi siki yangu imebaki jikoni.