Kihisi kidogo kinachokesha ndani ya ziwa

Wanaofuga sato kwenye vizimba Mwanza wanaijua asubuhi hii: unafika kizimbani alfajiri, samaki wote wako juu, midomo wazi, wanahema. Jana jioni walikula vizuri. Maji hayajabadilika rangi wala harufu. Kilichopungua ni oksijeni, na ilipungua watu wakiwa wamelala.

Mchana, mwani uliomo majini hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku mwani huohuo huitumia, pamoja na samaki na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula chini ya kizimba. Ndiyo maana kiwango hushuka zaidi kabla ya jua kuchomoza. Kati ya Juni na Agosti pepo hulikoroga ziwa, na maji ya chini yenye oksijeni haba huweza kupanda hadi walipo samaki. Wafugaji hushauriwa oksijeni ibaki juu ya miligramu 5 kwa lita. Anayepima saa nne asubuhi atapata namba nzuri, na namba hiyo itampoteza.

Kihisi cha mwanga, kifaa kinachopima oksijeni kikiwa majini, hakilali. Kwenye ncha yake kuna utando mwembamba wenye rangi maalumu. Taa ndogo huumulika kwa mwanga wa bluu, nayo rangi hung'aa nyekundu kwa kitambo kifupi mno. Oksijeni ikiigusa, mng'ao huzimika upesi. Kifaa hupima muda huo tu: mng'ao ukidumu, oksijeni ni chache. Hakuna kemikali ya kumwaga, hakuna chupa ya kupeleka maabara, na taarifa inaweza kufika kwenye simu wakati bado kuna cha kuokoa.

Fosfati na nitriti, chumvi zinazoyeyuka majini kutokana na uchafu, zinahitaji njia nyingine. Hapo tunatumia chipu, kipande cha plastiki au kioo chenye mifereji myembamba kama unywele. Maji kiasi cha tone huvutwa ndani na kuchanganyika na kemikali. Fosfati huleta rangi ya bluu, nitriti waridi. Taa iko upande mmoja, kipokea mwanga upande wa pili. Rangi ikikolea, mwanga unaopenya hupungua. Mto Mirongo hupita katikati ya jiji na kuingia ziwani, na mvua kubwa ikinyesha hubeba uchafu kwa saa chache. Chupa inayochotwa mara moja kwa mwezi ni vigumu kuzikuta saa hizo.

Fosfati hiyo ndiyo chakula cha magugu maji, na cha sianobakteria, ambao wengi wetu tunawaita mwani wa kijani. Wana rangi yao ya pekee inayong'aa ikimulikwa kwa mwanga wa machungwa, hivyo kihisi huwatambua wakianza kuongezeka. Baadhi yao hutoa sumu iitwayo mikrosistini. Kwa maji ya kunywa ya kila siku, Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 1 kwa lita. Kihisi hiki huona bakteria wenyewe, sumu hakiioni; sumu hupimwa maabara. Na hili nalisema kwa msisitizo: kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo. Ukikuta ufukweni maji yametanda kijani kama rangi iliyomwagika, usichote hapo, watoto wasioge, ng'ombe wasinywe.

Adui mkubwa wa vifaa hivi ni utelezi. Ziwani chochote kinachozamishwa huota ukoga, na kihisi kilichofunikwa na ukoga huendelea kutoa namba bila aibu, namba za uongo. Kifutwe kwa kitambaa laini, kisha kilinganishwe mara kwa mara na kipimo cha maabara.

Kikundi cha wafugaji kikitaka kununua kihisi, kiulize kwanza bei ya utando wa kubadilisha, na kimchague mtu wa kukisafisha. Kining'inizwe ndani ya kizimba, kwenye kina walipo samaki. Namba ya saa kumi na moja alfajiri isomwe kabla ya kumwaga chakula.