Simu ndani ya helmeti bado ni simu

Sisi waendesha boda wa Nairobi tumeambiana kwa miaka mingi: ukichomeka simu ndani ya helmeti, mikono ikabaki kwenye usukani, hakuna hatari. Si kweli. Mwaka 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walifanya jaribio la kuiga uendeshaji gari. Waliokuwa wakizungumza kwa simu walikosa ishara nyingi zaidi, wawe wameishika au la. Kinachotekwa ni akili; macho yanatazama bila kuona. Ukienda kilomita 60 kwa saa Thika Road, sekunde moja ni mita 17 hivi. Matatu hukatiza ndani ya nafasi hiyo, nasi hatuna hata mlango wa kutukinga. Simu ikilia, mimi huegesha kando kwanza.