Mwenye sauti nzito hayumo kwenye picha: Boney M. na watu wake

Kazi yangu ni kuhamisha muziki kutoka kwenye santuri na kaseti kuuingiza kwenye kompyuta. Mwezi uliopita mzee mmoja aliniletea santuri ya Boney M., lile kundi la disko la miaka ya 1970, jalada limeliwa na mende pembeni. Nikiwa naifuta vumbi akamwekea kidole yule mwanamume wa pichani, mwembamba, nywele timutimu, kifua wazi. "Huyu bwana alijaliwa sauti," akasema. "Mwili ule, lakini sauti inatoka kama kwenye pipa." Nikamjibu, "Mzee wangu, huyo hakuimba hata neno moja humu." Akanitazama kama mtu aliyesikia marehemu wake anatukanwa.

Basi ikabidi nimweleze, na nimeona niandike, maana swali la nani hasa aliimba linanijia kila Desemba wimbo wao wa Krismasi unapoanza kupigwa madukani.

Boney M. lilikuwa jina kabla ya kuwa na watu. Mwenye jina alikuwa Frank Farian, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1941 katika mji wa Kirn akiitwa Franz Reuther. Alisomea upishi, akaingia kwenye muziki, akawa mwimbaji wa kawaida wa nyimbo za Kijerumani na prodyuza. Mwaka 1975 alitoa wimbo wa kuchezwa disko, "Baby Do You Wanna Bump". Sauti nzito ni yake. Zile nyembamba zinazoitikia kama za wanawake ni zake pia, kazibana koo. Alipotafuta jina la kuweka kwenye lebo akakumbuka filamu ya mfululizo ya Australia kuhusu mpelelezi aitwaye Boney, akaongeza herufi M mbele yake. Basi.

Shida ilianza wimbo ulipokubalika Uholanzi na Ubelgiji. Televisheni zikataka kuliona kundi, na kundi halikuwepo. Farian alikuwa Mzungu aliyevuka miaka thelathini, ana sura ya karani wa benki, na muziki aliotengeneza ulitaka watu wa kucheza. Akaenda kwa wakala mmoja wa wasanii mjini Saarbrücken kutafuta sura. Hapo ndipo mtu anayefuatilia historia ya Boney M. huchanganyikiwa, kwa sababu kwa miezi kadhaa watu waliingia na kutoka kama abiria wa daladala. Maizie Williams, mzaliwa wa kisiwa cha Montserrat, alikuwepo tangu mwanzo. Sheyla Bonnick alipita. Claudja Barry alikuja akaondoka mapema mwaka 1976. Marcia Barrett wa Jamaika akaingia na kubaki. Bobby Farrell, kijana wa Aruba aliyekuwa akipiga santuri kwenye madisko na kucheza kama ana sipringi miguuni, akachukua nafasi ya mwanamume; ndiye yule wa kwenye jalada la mzee. Wa mwisho kufika ndiye aliyegeuza kila kitu: Liz Mitchell, naye mzaliwa wa Jamaika, aliyekulia London na aliyekuwa ameimba katika Les Humphries Singers, kundi la Hamburg ambalo nalo lilikuwa na watu wengi wa kuja na kwenda.

Huo ndio mpangilio tunaoujua: Liz, Marcia, Maizie na Bobby. Wanne jukwaani. Studio ni hesabu nyingine kabisa.

Vaa spika za masikioni, usikilize "Daddy Cool" ya mwaka 1976. Sauti ya chini, ile inayotamka jina la wimbo kama mlango wa ghala unafunguliwa, ni Farian. Wanawake unaowasikia ni Liz na Marcia. Unaweza kuapa ni kwaya nzima, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Tepu za studio wakati huo zilikuwa na njia nyingi zinazokwenda sambamba. Mwimbaji anaimba sehemu yake njia ya kwanza, anarudia njia ya pili, kisha anaimba sauti ya juu njia ya tatu. Binadamu hawezi kurudia kitu sawasawa kabisa, na tofauti hizo ndogo ndogo ndizo zinazofanya watu wawili wasikike kumi. Ukisikiliza wimbo wa "Belfast" utamjua Marcia kwa urahisi: anaongoza yeye, sauti yake ina ukali na mchanga kidogo. Liz ana sauti ya mviringo, ya kanisani, ndiyo inayoongoza "Rivers of Babylon". Nikishamfundisha mtu kutofautisha hao wawili, hahitaji tena kusoma jalada. Hata yale maneno ya kusimulia, yasiyoimbwa, katika "Rasputin", wimbo kuhusu yule mtu wa dini wa Urusi aliyekuwa karibu na familia ya mfalme, ni ya Mmarekani aliyekuwa mwanajeshi Ujerumani, Bill Swisher. Maizie na Bobby hawamo.

Farian hakulificha sana. Mwaka 1978 alishasema hadharani kwamba rekodi zinaimbwa na Liz, Marcia na yeye mwenyewe. Hakuna aliyevunja santuri yake. Kwenye televisheni za Ulaya pleibeki, yaani kuigiza kuimba huku rekodi ikipigwa, ilikuwa jambo la kawaida, watu walitaka kuona Bobby anavyorusha miguu. Na mwaka huo huo ndio walikuwa kileleni: "Rivers of Babylon" iliuza zaidi ya nakala milioni 2 Uingereza peke yake, wimbo wa Krismasi ukafunga mwaka ukiwa namba moja huko huko, na mwezi Desemba wakaalikwa Moscow, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa kundi la Magharibi enzi zile. Waliimba maonyesho kumi. "Rasputin" haikuruhusiwa jukwaani.

Hapa mzee alinikatiza: "Sasa kama Bobby haimbi, kwa nini kundi lilidorora alipoondoka?" Swali zuri kuliko mengi ninayosoma mitandaoni. Bobby alifukuzwa mwishoni mwa 1981, walikuwa hawaelewani na Farian. Nafasi yake akachukua Reggie Tsiboe, mzaliwa wa Ghana, ambaye tofauti na Bobby alikuwa mwimbaji hasa na alisikika kwenye rekodi. Kwa hesabu ya fundi wa sauti kundi liliongezewa nguvu. Kwa hesabu ya soko liliendelea kushuka, Ulaya yenyewe ikiwa imeshaanza kuichoka disko. Mwaka 1984 Bobby akarudishwa, na kwa muda wakawa na wanaume wawili pichani. Mwaka 1986, baada ya miaka kumi, kundi likavunjwa.

Kuvunjwa huko ndiko kulikozaa utitiri wa Boney M. Mwaka 1989 Bobby, Marcia na Maizie, pamoja na mwimbaji mpya Madeleine Davis, walitoa wimbo kwa jina la Boney M. bila Farian. Farian akatishia kwenda mahakamani, akajibu kwa kutoa wimbo wake, naye kwa jina la Boney M., akiwa na Liz, Reggie na wanawake wawili wapya. Tangu hapo kila aliyewahi kusimama kwenye ile picha amezunguka dunia na Boney M. yake. Kwa hiyo ukiona tangazo la onyesho, soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina. Kama yamemtaja Liz Mitchell au Marcia Barrett, unakwenda kuisikia sauti ya kwenye santuri. Mengine unakwenda kuangalia, na sisemi ni vibaya, nauli ni yako.

Sisi tuliolelewa na bendi za Dar es Salaam haya tumeyaona upande wa pili. NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Jina lilibadilika, na mshabiki akaendelea kuitambua bendi yake kwa sikio. Kwa Farian jina ndilo lililobaki, watu wakapishana chini yake. Alilirudia jambo hilo hilo na Milli Vanilli, vijana wawili wazuri wa sura ambao hawakuimba kwenye albamu yao. Safari hiyo walikuwa wamepewa tuzo ya Grammy, na Novemba 1990 ikachukuliwa. Wamarekani hawakucheka kama Wajerumani.

Nisiache kusema kwamba nasi tumo humo. Mwaka 1981 Boney M. waliimba "Malaika", wimbo wetu, ambao Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao Adam Salim alidai ndiye aliyeutunga. Kwa sikio langu wameulainisha mno, umekuwa kama chai ya maziwa iliyozidi sukari. Lakini mzee aliurudia mara tatu, akisahihisha matamshi kwa sauti.

Bobby Farrell alifariki tarehe 30 Desemba 2010 hotelini mjini Saint Petersburg, baada ya kutumbuiza. Ndiyo tarehe na ndio mji alimouawa Rasputin mwenyewe mwaka 1916, yule mtu ambaye Bobby alimwigiza miaka yote kwa sauti ya mwingine. Farian alimfuata Januari 2024, akiwa na miaka 82.

Nilipomaliza kuhamisha nyimbo, mzee akataka kila faili iandikwe majina ya waimbaji ili wajukuu wasije wakadanganywa kama yeye. Nikaandika Liz Mitchell, Marcia Barrett, Frank Farian. Akasoma polepole, akarudisha kompyuta upande wangu.

"Muongeze na Bobby."

"Mzee, si nimekueleza?"

"Umenieleza, nimeelewa. Ila mwaka 1979 nilishona suruali kwa ajili ya huyo mtu. Muandike."

Nikamwandika.