Je, wajua kwa nini bunduki ya magnum hupenda baruti ya polepole?

Muulize mtu yeyote ni baruti gani inayofaa kurusha risasi kwa kasi kubwa zaidi, naye atakujibu bila kusita: ile inayowaka haraka zaidi. Jibu hilo linaingia akilini, lakini si sahihi, na kwenye bunduki ya magnum linaweza kumtoa mtu jicho. Marekani, ambako wawindaji wengi hujaza risasi zao wenyewe nyumbani, anayeandaa risasi ya .300 Winchester Magnum hutafuta baruti iliyo miongoni mwa zile za polepole kabisa dukani. Na kwa baruti hiyo ya polepole, kipande cha gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 900 hivi kwa sekunde.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Risasi nzima ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kwenye kitako chake ya kuiwasha baruti, baruti iliyo ndani, na kichwa, yaani kile kinachoruka. Baada ya kupigwa, ganda halitupwi. Husafishwa, hurudishiwa umbo lake, hutiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani na kichwa kipya. Magnum ni jina lililoazimwa kwa chupa kubwa ya mvinyo, na maana yake hapa ni ganda linalomeza baruti nyingi kuliko kawaida.

Sasa fikiria gari lililozima barabarani. Ukilikimbilia na kulipiga kikumbo kimoja, utavunjika bega na gari litasogea shibiri moja. Ukiliegemea na kulisukuma mfululizo, litashika mwendo. Kichwa cha risasi hupita kwenye mtutu wa sentimita 60 na kitu kwa muda unaozidi kidogo tu elfu moja ya sekunde. Baruti ya bastola, ambayo hutumika chini ya gramu moja katika ganda dogo, ingekuwa imegeuka gesi yote kabla kichwa hakijaondoka vizuri mahali pake. Ukiijaza kwenye ganda la magnum, linalobeba zaidi ya gramu nne, gesi yote hiyo inakosa pa kwenda, na chuma kinapasuka mbele ya uso wa mpigaji. Bunduki hizi zimeundwa kuhimili msukumo unaokaribia mara 2,000 ya ule wa tairi la gari. Hapo ndipo mwisho. Kwa kuwa huwezi kuongeza nguvu ya msukumo, kilichobaki ni kurefusha muda wake, na kazi hiyo inaiweza baruti ya polepole tu: inaendelea kutoa gesi wakati kichwa kinasonga mbele na nafasi nyuma yake inapanuka.

Upole huo unatoka wapi? Mimina baruti ya aina hii kwenye karatasi nyeupe. Utaona vijiti vya kijivu vinavyong'aa kidogo, kama ncha ya kalamu ya risasi iliyokatwakatwa vipande vya milimita mbili hivi. Chukua kimoja, kitazame kwa lenzi: katikati kina tundu, toka upande mmoja hadi wa pili. Tundu hilo ndilo lililonivutia kwenye habari hii yote. Baruti huungua kuanzia juu ya ngozi yake kwenda ndani, kama gogo jikoni, na kadiri kijiti kinavyokonda ndivyo gesi inavyopungua. Lakini penye tundu, moto wa nje unakikondesha huku moto wa ndani ukilipanua tundu, kwa hiyo eneo linaloungua halipungui sana mpaka mwisho. Mmarekani Thomas Rodman alilifanyia kazi wazo hilo la kutoboa chembe karibu na mwaka 1860, kwa ajili ya baruti nyeusi ya mizinga mikubwa. Baruti isiyo na moshi ilikuja baadaye, mwaka 1884, kwa mkono wa mkemia Mfaransa Paul Vieille. Siku hizi ngozi ya chembe hupakwa pia kemikali ya kuchelewesha moto, na unga wa grafaiti unaoifanya iteleze na isikusanye umeme. Ndio ule mng'ao wa kijivu.

Kuna jambo jingine. Baruti hii ukiiwasha chini uwanjani, inawaka tu kwa mwali mkali na kuisha. Ndani ya ganda, msukumo unapopanda nayo huungua haraka zaidi, na kuungua haraka kunazidi kupandisha msukumo. Kwa hiyo kichwa kizito, kinachokawia kusogea, kinataka baruti ya polepole kuliko kichwa chepesi, hata kama bunduki ni ileile. Anayejaza hufuata jedwali lililopimwa maabara kwa kichwa hichohicho na baruti hiyohiyo. Hakisii.

Baruti hizi za polepole zilimfikiaje mwindaji wa kawaida? Kwa njia ya vita. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua mabaki ya baruti za jeshi na kuwauzia raia. Mojawapo ilikuwa namba 4831, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizinga midogo ya milimita 20. Ilikuwa ya polepole mno kwa bunduki nyingi za wakati ule, lakini kwa maganda makubwa ilikuwa kama imeombewa. Mabaki yalipokwisha ikatengenezwa mpya, ikaitwa H4831. Kampuni ya DuPont nayo ikatoa yake, IMR 4831, na hiyo inaungua haraka kuliko ya Hodgdon. Namba moja, baruti mbili. Mwenye kutumia kipimo cha H kwa kopo la IMR anavuka mpaka wa usalama bila kujua, na tangu 2003 zote mbili zinauzwa na kampuni moja! Nasema wazi kwamba namba hiyo ilipaswa kubadilishwa zamani.

Wengi hudhani kwamba kupunguza baruti daima ni salama. Kwa baruti ya polepole kwenye ganda kubwa, sivyo. Ikipunguzwa chini ya kiwango kilichoandikwa, moto unaweza kushika vibaya na msukumo ukaruka ghafla, hata kuharibu bunduki.

Halafu kuna joto, na hapa ndipo habari inapofika kwetu Afrika. Bunduki za Waingereza zilizokuja kuwinda tembo na nyati zilitumia kodaiti, baruti yenye umbo la nyuzi ndefu kama tambi, iliyochanganywa na nitrogliserini. Kodaiti ikiachwa juani hupandisha msukumo, ganda linavimba na kung'ang'ania chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa, na mwindaji anabaki na bunduki isiyojazika tena mbele ya mnyama aliyejeruhiwa. Ndiyo maana John Rigby wa London alipotoa risasi yake ya .416 mwaka 1911 aliipa ganda kubwa kupita kiasi, ili msukumo ubaki chini hata kwenye joto kali. Baruti za leo kama H4831, inayotengenezwa Australia, zimeundwa zisibadilike sana kati ya baridi na joto.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitaka nguvu zilezile za bunduki za tembo katika ganda fupi la milimita 63.5, ikatoa risasi ya .458 Winchester Magnum. Baruti ilishindiliwa mno humo, na baada ya kukaa muda mrefu nyingine ilishikamana ikawa donge na kuungua ovyo. Mwindaji Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na bunduki ya aina hiyo, aliamua kutengeneza ganda lake mwenyewe. Kichwa alikiacha kilekile. Alichoongeza ni milimita saba na nusu za shaba, ili baruti ipate pa kukaa.