Unyumbufu wa ubongo: kwa nini mgonjwa wa MS anaambiwa atembee

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda miaka ya 2020 na 2021, yalimeza kipande cha ufukwe pale Kibirizi, Kigoma. Wachuuzi wa dagaa hawakungoja mtu aje kuwachongea njia. Siku za kwanza walipanda juu kidogo, wakakanyaga majani, beseni kichwani, wakiteleza. Baada ya muda majani yakafa, udongo ukashindiliwa na nyayo, hata baiskeli zikaanza kupita. Ukitaka kuelewa maneno "unyumbufu wa ubongo", anzia hapo.

Unyumbufu wa ubongo ni uwezo wa ubongo kubadili miunganiko ya seli zake kulingana na kazi unayopewa. Seli zinazofanya kazi pamoja kila siku husikilizana kwa wepesi zaidi. Zilizoachwa, mawasiliano yake hufifia. Watoto ndio mabingwa wa jambo hili, lakini mtu mzima naye anao.

Kwa mwenye maltipo sklerosisi, yaani MS, uwezo huo ni akiba. Jina la ugonjwa lina maana ya makovu mengi magumu, na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina mwaka 1868. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia mayelini, ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Fundi umeme yeyote wa Mwanga atakuelewa: waya umechunika. Taarifa inachelewa au inapotelea njiani. Jicho linaona ukungu, mguu unakufa ganzi, mkojo haungoji, na uchovu unakuja bila kazi yoyote kufanyika. Duniani mwaka 2020 wagonjwa walikadiriwa kuwa watu milioni 2.8, wanawake wengi kuliko wanaume, na wengi hugundulika wakiwa na miaka kati ya 20 na 40. Huku kwetu karibu na ikweta ni nadra, na kipimo cha MRI, cha kupiga picha ya ubongo kwa sumaku, kinatulazimu kusafiri, hivyo mgonjwa hupewa majina mengi kabla ya jina lenyewe. Mama mdogo wangu, mwalimu wa Ujiji, aliambiwa ni mgongo, kisha presha, na majirani, bila kuulizwa, wakasema karogwa.

Ukitembea naye asubuhi utaona jambo ambalo vitabu hulieleza kwa maneno mazito. Anakwenda vizuri, fimbo mkono wa kulia, macho chini. Mtu akimwita, "Mwalimu, mwakeye!", anasimama kabisa. Anaitikia salamu, anauliza habari za watoto, anamaliza, ndipo anainua mguu. Si heshima tu. Kwa wengi wetu kutembea ni kazi inayojiendesha yenyewe, kichwa kinabaki huru kupiga soga. Kwa mwenye MS kila hatua inasimamiwa. Watafiti waliopima oksijeni katika damu ya ubongo wakati mtu anatembea walikuta sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inafanya kazi zaidi kwa wagonjwa wa MS kuliko kwa watu wazima wa afya, hasa wakitakiwa kuongea huku wanatembea. Barabara kuu imekatika, ubongo unapita majanini.

Basi mazoezi ya kutembea yanafanya nini? Moyo ukienda mbio kidogo, damu nyingi inafika kichwani, na mwili unatoa protini zinazosaidia seli za neva kuishi na kuunganika. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee 120: waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, iliongezeka kwa takribani asilimia 2, wakati ya wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu ilipungua. Lakini wale hawakuwa na MS. Kwa wagonjwa wa MS kuna tafiti ndogo za kutembea kwenye mashine zilizoonyesha kichwa kufikiri kwa kasi zaidi, na mabadiliko katika miunganiko ya thalamasi, kituo cha kupokelea na kusambaza taarifa. Kisha mwaka 2023 ukaja utafiti mkubwa, watu 311 wenye aina ya MS inayozidi polepole, katika nchi sita: wiki 12 za mazoezi ya mwili pamoja na ya akili hazikuongeza kasi ya kufikiri kuliko mazoezi mepesi ya kulinganishia tu waliyopewa wengine.

Kwa hiyo anayekuambia kutembea kunaponya MS anakuuzia maneno. Makovu hayafutiki kwa miguu, na dawa haziachwi. Ninachoamini ni kidogo kuliko hicho, ila kinatosha kumtoa mtu kitandani: njia isiyokanyagwa inaota majani, na mgonjwa anayekaa anapoteza pumzi, misuli na uwezo wa kusimama bila kuyumba hata pale ambapo ugonjwa wenyewe haujafika. Zamani madaktari waliwaambia wapumzike. Ushauri huo ulianza kubadilika miaka ya 1990.

Hofu ya zamani ilikuwa joto, na si hofu ya bure. Mwili ukipata moto, neva iliyochunika inapitisha taarifa kwa shida zaidi, mguu unakuwa mzito, jicho linafifia. Mwili ukipoa, hali inarudi. Ila udhaifu mpya usioondoka kwa zaidi ya saa 24 si wa jua, huo ni wa kumwona daktari.

Mama mdogo hutoka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijashika, chupa ya maji na kitambaa chenye majimaji shingoni. Katikati ya safari kuna fundi viatu anayemwekea kiti cha plastiki nje kila siku. Anakaa dakika tano, anajadili bei ya migebuka, kisha anarudi.