Skripti Ikikwama: Dhana Potofu Kuhusu Video ya Skrini na Logi

Kwenye stoo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, kazi ya kuhamisha kilo na majina ya wateja kutoka Excel kwenda kwenye programu ya ankara inaweza kufanywa na skripti ya Python, yaani programu fupi inayobofya na kuandika badala ya karani. Ikikwama, mzigo unakosa ankara na gari la mteja haliondoki. Inauma kuona fundi akimaliza siku nzima akibahatisha, kwa sababu tu ya mambo anayoyaamini ambayo si kweli kuhusu video ya skrini na logi, yaani faili ambamo skripti huandika kila hatua yake.

"Nina video ya skrini, logi ya nini?"

Video inaonyesha kilichotokea skrini: kidirisha cha tahadhari kimechomoza, kimefunika kitufe, skripti imebofya pasipohusika. Haionyeshi skripti ilikuwa mstari upi, ilisoma kilo ngapi, wala ilikuwa ikitafuta nini. Hayo yamo kwenye logi. Logi nayo inaweza kuandika "nimebofya Hifadhi" bila kujua kama kitufe kiliitikia. Zote mbili zinahitajika, na kinachoziunganisha ni saa. Weka muda hadi milisekunde kwenye kila mstari wa logi, na saa yenye sekunde ionekane kwenye video.

Mtego uko hapa. Mifumo mingi huandika logi kwa saa za UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, nasi tuko mbele kwa saa 3. Karani akisema ilikwama saa nane usiku, hiyo ni 02:00 kwa saa za Mwanza, lakini kwenye logi ya UTC ni 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Ukifungua faili la leo hutaona kitu, na utaapa kwamba hapakuwa na kosa.

"Logi iko kimya, basi mambo ni salama."

Moduli ya logging ya Python, usipoipangia kiwango, huandika kuanzia kiwango cha WARNING (onyo) kwenda juu tu. Jumbe zako za viwango vya chini, INFO na DEBUG, hazifiki popote. Kibaya zaidi ni `except: pass`, amri inayodaka kosa na kulimeza kimyakimya huku skripti ikiendelea kutoa ankara mbovu. Andika `logging.exception` ndani ya except, upate mlolongo mzima wa kosa.

"Mchana inafanya kazi, kwa hiyo skripti ni nzima."

Mchana wewe umekaa mbele ya kompyuta na skrini iko wazi. Usiku skrini imejifunga. Kazi uliyoipanga kwenye Task Scheduler, kipanga-ratiba cha Windows, iendeshwe hata kama mtumiaji hajaingia, tangu Windows Vista inakwenda kwenye sesheni 0, ambako hakuna desktopu ya mtumiaji ya kubofya. Wanaoingia kwenye kompyuta kutoka mbali kwa Remote Desktop hukutana na jambo linalofanana na hilo: wakishusha dirisha lile chini, kwa kawaida upande wa pili huacha kuchora skrini, na PyAutoGUI, maktaba ya Python ya kubofya, inayotafuta kitufe kwa picha haikipati. Hata kubadilisha ukubwa wa maonyesho kutoka asilimia 100 hadi 125 kunatosha kuikwamisha, maana picha ya kitufe hailingani tena. Kwa hiyo anza na video ya usiku. Ikiwa nyeusi tupu, au haikurekodiwa kabisa, hiyo ni dalili nzito kuliko mistari mia ya msimbo.

"Ikikwama, ongeza sekunde za kusubiri."

`time.sleep(10)`, yaani subiri sekunde 10, huchelewesha siku ambayo mambo ni mepesi, na haitoshi siku ambayo programu ni nzito. Subiri dirisha lenyewe litokee, uweke kikomo. Kikomo kikipita, skripti ipige picha ya skrini, iandike kwenye logi, isimame.

"Rekodi kwa MP4, ndiyo inayofunguka kila mahali."

Umeme ukikatika kabla rekodi haijafungwa, MP4 ya kawaida mara nyingi haifunguki tena. Kwenye OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, chagua aina ya faili ya MKV, ambayo hubaki na kilichokwisha kurekodiwa, kisha uigeuze MP4 baadaye.

"Video ni ya kazi, naweza kuirusha kwenye kundi la WhatsApp nisaidiwe."

Ina majina na namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na inawahusu wateja wa dagaa kama wateja wengine wote. Rudia kosa kwa majina ya kubuni, urekodi hiyo, ndipo uitume.